Tanga la Kale na Tanga la Siku Hizi

Rubani ni neno la baharini. Zamani, kabla ya ndege ya kwanza kuruka, watu wa pwani walimwita rubani yule aliyejua miamba na mikondo ya maji, akakiongoza chombo hata kikatia nanga salama. Usukani nao ni neno la baharini: ni ule ubao wa nyuma unaokigeuza chombo. Basi msomaji akaaye Bangboka, kilomita 17 hivi mashariki ya mji wa Kisangani, penye uwanja wa ndege, husikia maneno ya mabaharia kila siku. Rubani ashusha ndege yake, dereva wa lori ashika usukani aende sokoni, na wala hapana tanga hata moja katika mto wetu wote.

Mtoto wa shule akiuliza kwa nini hatuna matanga, asidhani kwamba wazee wetu walikosa akili. Walikosa upepo. Kisangani iko nusu ya digrii tu kaskazini ya Ikweta, na katika nchi za Ikweta hewa hupenda kupanda juu kwa joto kuliko kwenda kando. Tena msitu wasimama kama ukuta. Upepo wenye nguvu huja mbele ya tufani ya mvua. Huja ghafula, huvuma kitambo kidogo, kisha hutoweka. Upepo wa namna hiyo haumfikishi mtu safari, ila waweza kumpindua. Wagenya na Walokele walichagua makasia na upondo, wakachagua vema.

Hata hivyo, chombo kimoja chenye tanga kimepita hapa, na habari zake zafaa kujulikana, maana ndizo zitakazotufikisha kwenye maneno yetu ya leo: ni kipi kilicho chema, chombo kidogo cha tanga cha kale au kile cha siku hizi? Wako watu wa Ulaya na Marekani wanaobishana juu ya jambo hili mwaka hata mwaka, kama sisi tubishanavyo juu ya mpira.

LADY ALICE

Mwezi wa Januari 1877 Henry Morton Stanley alifika penye maporomoko saba ya Boyoma, yale yashukayo kutoka Ubundu hata Kisangani. Alikuwa na mitumbwi mingi aliyoipata njiani, na katikati ya mitumbwi hiyo mashua moja iliyoundwa Uingereza, jina lake Lady Alice. Urefu wake ulikuwa mita 12, upana wake kama mita 1.8, nayo ilijengwa kwa mbao nyembamba za mwerezi. Ajabu yake ni hii: iliundwa vipande vipande, hata wapagazi waliweza kuifungua, kuichukua mabegani, na kuiunganisha tena penye maji. Mwaka 1875 ilizunguka Ziwa Viktoria, mara kwa makasia, mara kwa tanga. Mwaka 1876 ilizunguka Ziwa Tanganyika. Hapa kwetu ilibidi ichukuliwe nchi kavu kando ya maporomoko, katika njia iliyokatwa msituni kwa mashoka.

Hatusemi habari hizi ili kuisifu safari ile. Ilipita kwa bunduki, na wenyeji walioulinda mto wao waliuawa wengi. Katika watu walioanza safari Unguja mwaka 1874, zaidi ya nusu hawakufika Boma mwezi wa Agosti 1877. Mmoja wa Waingereza waliofuatana na Stanley, Frank Pocock, aliyekuwa mtu wa mashua tangu ujana wake, alizama katika maporomoko ya chini mwezi wa Juni mwaka huo.

Lakini tuwatazame waliovuta makasia. Walikuwa watu wa Unguja na pwani, waliojiita Waungwana, na kutokana na jina lao lugha yetu ya Kiswahili katika Kongo ya mashariki ikaitwa Kingwana. Maneno ya tanga yalifika kwanza katika nchi hizi vinywani mwa watu kama hao, wafuasi wa misafara ya biashara na ya Wazungu. Upepo haukufuata, maneno yakabaki, yakangoja malori na ndege.

Lady Alice haikurudi pwani. Mwisho wa Julai 1877, karibu na maporomoko ya Isangila, iliachwa juu ya mwamba. Ilikuwa imekwenda mbali kuliko vyombo vingi vya mbio vya leo, wala hakuna aliyepata kuisifu kwa mwendo.

UPEPO WA MBISHO

Ili tuweze kulinganisha vyombo, yatupasa kwanza kufahamu shida moja kubwa ya baharia. Upepo ukitoka nyuma, hata mtu aliyesimama katika mtumbwi na kutandaza nguo yake atakwenda. Shida ni upepo utokao kule kule atakako kwenda. Watu wa pwani huuita upepo wa mbisho.

Mkristo aijua shida hiyo kwa Injili. Mtakatifu Marko atuambia jinsi mitume walivyotaabika usiku kwa kuvuta makasia ziwani, kwa kuwa upepo ulikuwa kinyume chao, hata Bwana Yesu alipowajia akitembea juu ya maji. Mbona wavuvi hodari kama Petro na Andrea hawakupandisha tanga? Jibu twaweza kulikisia tangu mwezi wa Januari 1986. Mwaka ule maji ya Ziwa la Galilaya yalipungua kwa ukame, na wavuvi wawili, ndugu wa tumbo moja, wakaona mbao zimejitokeza katika tope la ufuko. Ilikuwa mashua ya nyakati zile zile za Bwana wetu, yenye urefu wa mita 8 na ushei na upana wa mita 2.3. Ilikuwa na mahali pa mlingoti, na wataalamu wadhani tanga lake lilikuwa la pembe nne, lililoning'inia kwenye boriti iliyokingama. Tanga la namna hiyo hupenda upepo wa nyuma. Upepo wa mbisho ukija, mabaharia hulishusha na kushika makasia.

Jambo jingine la mashua ile lanigusa zaidi. Imepatikana kwamba iliundwa na kutiwa viraka kwa miti ya namna 12. Mbao nyingine zilikuwa zimekwisha kutumika kwingine kabla ya kupigiliwa humo. Kumbe mwenyewe hakuwa tajiri! Kila kilipotoboka aliokota ubao alioweza kuupata, akaziba, akarudi kuvua.

Watu wa bahari yetu ya Hindi waliitatua shida ya mbisho kwa njia yao. Tanga la mashua na la jahazi hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali, ulioinama, ncha moja chini karibu na omo na nyingine juu sana nyuma. Tanga hilo hushika upepo wa ubavuni vizuri, na chombo chaweza kupanda kidogo kuelekea upepo utokako. Lakini kuligeuza ni kazi. Ili kubadili upande, foromali hupitishwa upande wa pili wa mlingoti huku tanga likipigapiga, na nahodha mara nyingi huona heri kukizungusha chombo chote, akiupa upepo mgongo, kuliko kuukabili uso kwa uso. Kwa kila mzunguko apoteza sehemu ya njia aliyokwisha kuipata.

Chombo kidogo cha siku hizi kina tanga la pembe tatu, jembamba, refu kwenda juu, lililoshikwa na mlingoti wenyewe. Chini ya tumbo la chombo hushushwa ubao kama kisu, usimamao majini. Upepo wataka kukisukuma chombo kando, ubao wakataa, basi chombo chachomoka mbele, kama kokwa ya chungwa ibanwayo baina ya vidole viwili. Kwa njia hii chaweza kwenda huku upepo ukikijia kwa pembe ya digrii 45 hivi upande wa mbele, na kugeuza ni kazi ya nukta chache: kijana asukuma usukani, ainama chini ya boriti, akaa upande wa pili, na tanga limekwisha kujaa.

Katika jambo hili hatuna budi kusema wazi: chombo cha kisasa kimekishinda cha kale, wala hapana ubishi. Mitume wangalikuwa nacho usiku ule, makasia yangalilala.

SINDANO NA UZI

Watu wengi hudhani kwamba mambo ya kale na mambo ya leo ni mbali kama mbingu na nchi. Nawape mfano mmoja unaonifurahisha kila niufikiripo.

Katika visiwa vya Lamu hapo kale walitengeneza chombo kiitwacho mtepe. Mtepe haukuwa na misumari. Mbao zake zilitobolewa matundu pembeni, kisha zikashonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mama ashonavyo nguo. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Chombo kilichoshonwa hunepa kidogo kikigonga mchanga au mwamba, kumbe kilichopigiliwa hupasuka. Mitepe ilikoma kuundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, na wengi wa watu wa leo wameona mifano yake tu katika nyumba za makumbusho. Hata Waganda na watu wa visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria walishona mitumbwi yao mikubwa kwa nyuzi za mimea.

Sasa twende Uingereza. Mwaka 1962 mafundi wawili, Jack Holt na Barry Bucknell, walibuni mashua ndogo ya tanga ili watu wa mshahara mdogo waweze kuiunda wenyewe nyumbani. Gazeti moja la London, Daily Mirror, liliitangaza, na mashua ikaitwa Mirror. Matanga yake mekundu yalifuata rangi ya gazeti. Urefu wake mita 3.3, na bei yake ya kwanza ilikuwa paundi 63 na shilingi 11. Na mbao zake ziliunganishwaje? Zilitobolewa matundu pembeni, zikashonwa kwa waya wa shaba, kisha mshono ukafunikwa kwa ukanda wa nyuzi za kioo na gundi kali. Mirror zaidi ya 70,000 zimeundwa hata leo. Walioisifu waliiita njia mpya kabisa. Fundi wa mtepe angaliwaangalia, akacheka, akawaomba sindano.

MASHINDANO

Lamu hata leo hufanya mashindano ya matanga siku za sikukuu. Mashua zatoka zimejaa vijana, na kila mashua ina ubao mrefu uliochomoza nje upande wa upepo, mabaharia wakikaa juu yake kama ndege kwenye tawi, ili chombo kisilale. Upepo ukizidi, watambaa hata ncha ya ubao. Ukipungua, warudi ndani. Akosaye kuwahi huanguka majini, na watu wa pwani wacheka. Vyombo havifanani. Kila kimoja kina fundi wake, na fundi husimama ufukoni akitazama kazi ya mikono yake mbele ya macho ya kijiji kizima. Sifa ya ushindi huwa ya watu wengi.

Upande wa pili twatia Laser. Ilibuniwa na Bruce Kirby wa Kanada, ikaonyeshwa kwa watu huko New York mwanzo wa mwaka 1971. Urefu wake mita 4.2, gamba lake kilo 59, tanga moja la mita za mraba 7, baharia mmoja. Gamba lake ni la nyuzi za kioo na gundi, humiminwa katika kalibu, na kila moja lafanana na lingine kama matofali. Zaidi ya 200,000 zimeundwa. Tangu mwaka 1996 imo katika michezo ya Olimpiki, na siku hizi huko huitwa ILCA. Sheria yake ni ngumu: hakuna kuongeza, hakuna kupunguza. Mwana wa tajiri na mwana wa maskini wapewa chombo kile kile, na ashindaye ashinda kwa akili na misuli yake. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Deizy Nhaquile, binti wa Msumbiji, alishindana katika chombo hiki.

Ipi bora? Kwa kutazama, nachagua Lamu bila kusita. Kwa haki ya hukumu, nachagua Laser, maana katika Lamu mwenye mbao nzuri na kitambaa kipya ameshinda nusu kabla ya kutweka. Lakini tusisahau kwamba mashua ya Lamu, mashindano yakiisha, hurudi kubeba samaki na mchanga na abiria. Laser haibebi kitu. Ukitia humo gunia moja la mihogo, hujui pa kukaa. Ni farasi wa mbio asiyejua kulima.

SAFARI NDEFU

Katika safari ndefu mambo hugeuka. Mwaka 1968 mabaharia 9 walitoka Uingereza na Ayalandi, kila mtu peke yake, kuizunguka dunia bila kutia nanga popote. Mmoja wao, Robin Knox-Johnston, alikuwa na chombo cha mtindo wa kizamani, kizito, urefu wake mita 9.8, kilichoundwa Bombay na mafundi wa Kihindi kwa mbao za msaji. Jina lake Suhaili, ambalo mabaharia wa Kiarabu hulitumia kwa upepo, na watu wa pwani wetu hulijua neno suheli kwa upande wa kusini. Wengi walikiona kuwa cha polepole mno. Kulikuwako vyombo vyepesi vya magamba matatu, vyenye mbio. Kimojawapo kilivunjika kilipokuwa kimekwisha kurudi katika Bahari ya Atlantiki. Suhaili ilifika Falmouth tarehe 22 Aprili 1969, baada ya miezi 10 na siku chache. Katika wote 9 haikufika nyingine.

Tangu siku zile vyombo vya mbio vimekwenda mbele kupita kiasi. Mwaka 2017 Mfaransa François Gabart aliizunguka dunia peke yake kwa siku 42 na saa 16, katika chombo cha magamba matatu chenye urefu wa mita 30. Ni kazi ya kustaajabisha, lakini huwezi kumwambia baba wa watoto sita kwamba hicho ni chombo cha familia.

Basi watu wengine wakaona yafaa kurudi nyuma kwa makusudi. Mwaka 2018 walianzisha tena mashindano yale ya 1968, kwa sharti kwamba vyombo viwe vidogo, vyenye mkuku mrefu wa zamani, na mabaharia waongozwe na jua, nyota na ramani ya karatasi. Mara ya pili, mwaka 2022, alikuwamo mwanamke wa Afrika ya Kusini, Kirsten Neuschäfer. Mwezi wa Novemba, katika Bahari ya Hindi ya kusini, mbali na pwani ya nchi yake, chombo cha mshindani wake Tapio Lehtinen wa Finlandi kiliingiwa na maji upande wa nyuma, kikazama kwa dakika chache. Mzee yule akabaki katika chelezo cha mpira. Neuschäfer aliacha njia ya mashindano, akaenda kumtafuta usiku kucha, akampata asubuhi, akampandisha, kisha akamkabidhi kwa meli ya mizigo iliyoitwa kusaidia. Akarudi katika safari yake. Tarehe 27 Aprili 2023 alifika Ufaransa wa kwanza, mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya kuizunguka dunia peke yake.

Wote wawili walikuwa katika vyombo vya kale. Kimoja kilizama na kingine kilishinda. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba ukale peke yake waokoa.

NANI ATAKITENGENEZA?

Gamba la nyuzi za kioo halioi, wala mchwa na fukufuku wa baharini hawalili. Hiyo ni sifa kubwa. Mwenye mashua ya mbao hana raha: sharti aivute pwani, aikwangue, aikalafati kwa pamba na mafuta, abadili ubao uliooza. Lakini gamba la kioo likivunjika mahali pasipo duka la gundi yake, limevunjika kweli. Kumbe mashua ya mbao hutengenezwa kwa shoka, keekee, nyundo na mti wa karibu, kama alivyofanya yule maskini wa Galilaya mwenye miti yake 12. Tena gamba la kioo lililochakaa halina pa kwenda. Halichomwi bila moshi mbaya, halifanyi kuni, halirudi udongoni.

Kwa upande mwingine mbao nzuri zimekuwa ghali katika pwani, na vijana wanaojifunza uundaji wamepungua. Hapo Lamu fundi Ali Skanda pamoja na wenzake walijaribu jambo jipya. Walikusanya takataka za plastiki, tani kama 10, wakaziyeyusha, wakazifanya mbao, na kwa mbao hizo wakaunda jahazi dogo la mita 9 kwa kanuni zile zile za mababu: mkuku, mataruma, mbao, mlingoti, foromali. Ubavu waliufunika kwa kandambili zilizookotwa ufukoni, zipatazo 30,000. Walikishusha majini mwezi wa Septemba 2018, wakakiita Flipflopi, na mwaka 2019 kikasafiri kwa tanga kutoka Lamu hata Unguja. Mwaka 2021 walizunguka katika Ziwa Viktoria. Sijui niliweke jahazi hili upande gani, wa kale au wa leo, na nadhani fundi mwenyewe hajali.

MTO WETU

Sasa turudi Kisangani. Kutoka hapa hata Kinshasa mto waendeka kwa kilomita 1,700 na zaidi, na watu wengi husafiri katika mashua kubwa za mbao zenye mashine, ziitwazo baleinière. Jina hili latokana na neno la Kifaransa la nyangumi, maana zamani lilikuwa jina la mashua nyepesi za wawindaji wa nyangumi, zenye ncha mbele na nyuma, zilizoweza kupanda mawimbi makali. Jina limebaki, umbo limekwenda zake. Baleinière ya leo hubeba magunia, mafuta, mbuzi na watu pamoja, na juu ya mizigo hukaa watu tena.

Hiki ni chombo kisicho na wema wa kale wala wa siku hizi. Hakina wepesi wa mtumbwi, ambao ukijaa maji huelea bado kwa kuwa ni mti mtupu. Wala hakina ile kanuni ya vyombo vidogo vya kisasa nitakayoitaja sasa hivi. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyojaa kupita kiasi ilipinduka katika Ziwa Kivu mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiingoja pwani karibu na Goma. Mwezi wa Aprili 2025 moto ulishika mashua ya mbao karibu na Mbandaka. Watu walijitupa majini, na waliokufa walikuwa zaidi ya 100, wakiwamo mama na watoto wasiojua kuogelea.

Kanuni yenyewe ni hii. Mwaka 1947, huko Florida katika Marekani, fundi Clark Mills aliombwa abuni mashua ya tanga kwa ajili ya watoto. Akatengeneza sanduku la mita 2.3, lenye pua iliyokatwa wima, la kuundwa kwa karatasi mbili za mbao za tabaka. Likaitwa Optimist. Leo watoto wa nchi nyingi sana huanza nalo, nao hulitumia hata miaka 15. Mtoto wa Optimist huvaa kwanza koti la kuelea. Kisha, mapema katika mafunzo, mwalimu humwamuru apindue chombo kwa makusudi, aanguke majini, akirudishe wima, apande, akombe maji. Chombo hakizami, kwa sababu ndani yake mmefungwa mifuko mitatu ya hewa, miwili ubavuni na mmoja nyuma.

Watu wengi husifu vyombo vya siku hizi kwa mbio zao. Mimi naona mifuko hiyo mitatu ina thamani kuliko mbio zote, na uzuri wake ni kwamba haihitaji tanga, wala upepo, wala fedha nyingi. Yafaa kwa mtumbwi wa kuvukia watoto wa shule, yafaa kwa baleinière.

Enyi wanafunzi, pigeni hesabu hii. Bidoni ya lita 20, ile ya manjano tuchoteayo maji, ikifungwa tupu na kuzamishwa husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 20, toa uzito wake wenyewe wa kilo moja hivi: zabaki 19. Mtu aliye majini hata shingoni, akitulia, ahitaji msaada wa kilo 5 hadi 7 tu. Kwa hiyo bidoni moja yaweza kuwashika watu wawili, hata watatu wasipopanda juu yake. Mashine ya kilo 200 yahitaji bidoni 11 ili isikivute chombo chini. Mbao zenyewe zajielea. Bidoni zifungwe kwa kamba imara chini ya viti, nusu ubavu huu na nusu ubavu ule, si katikati, maana zikiwa katikati chombo kilichojaa maji huyumba na kupinduka. Ziwe tupu kabisa; mwenye mashua atakayezitia mafuta ya taa ili apate faida amezigeuza kuwa mzigo. Kifuniko kikazwe, kisha kila bidoni izamishwe majini na kubanwa kwa mikono miwili. Kikitoka kipovu hata kimoja, hiyo irudishwe nyumbani kuchotea maji, itafutwe nyingine.